TUCHANGE KABLA YA MAZIKO



Katika mkutano ujao wa tawi letu la Nairobi litaletwa shauri moja ambalo twaomba kila mtu alifikirie vizuri kabla ya kuinua mkono. Shauri lenyewe ni hili: kila mwanachama apendaye atoe shilingi 20 kwa mwezi, na fedha hizo ziende kwa hospisi ya hapa mjini, kwa kazi ya kuwatunza watoto wenye ugonjwa mzito. Sisi twaliunga mkono shauri hili, na hapa twaeleza kwa nini.

Kwanza tufahamu maana ya neno. Wengi wakisikia “hospisi” hudhani ni nyumba ya kungojea kufa. Sivyo. Hospisi ni kazi ya kumtunza mgonjwa ambaye ugonjwa wake ni mzito au hauponi, ili asiteseke kwa maumivu, apate kula na kulala, na jamaa zake wasiachwe peke yao. Hospisi ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1990 katika uwanja wa Hospitali ya Kenyatta, si wodi ya vitanda. Wagonjwa huja mchana na kurudi makwao, na wengine hutembelewa na wauguzi nyumbani. Huko Uingereza, katika mji wa Oxford, nyumba ya kwanza ya namna hii iliyojengwa kwa ajili ya watoto peke yao ilifunguliwa mwaka 1982. Kwetu Kenya watoto wengi hutunzwa pamoja na watu wazima.

Sasa twaja kwenye jambo letu. Katika kazi ya reli iko desturi njema. Mwenzetu akifiwa na mtoto, kabla ya jua kutua karatasi imekwisha pita karakana, stesheni na genge la njia. Sanduku hununuliwa, gari la kupeleka maiti nyumbani hukodiwa, na wengine huomba ruhusa wamsindikize. Hakuna anayeulizwa kabila lake wala cheo chake. Desturi hii tusiiache.

Lakini tutazame miezi iliyotangulia siku ile. Mtoto ana saratani ya damu, au ya figo, au ya jicho. Mama ameacha biashara yake sokoni ili akae naye. Nauli ya kwenda hospitali na kurudi yatoka mfukoni mara mbili kwa juma. Baba yuko zamu ya usiku, na akirudi asubuhi hapati usingizi kwa sababu mtoto analia. Katika miezi hiyo karatasi ya michango haipiti. Sanduku lapata shilingi elfu nyingi kwa siku moja, lakini shuka, maziwa na dawa ya maumivu havipati hata senti. Mtoto hasikii raha ya sanduku jema. Raha ya kulala usiku mmoja bila maumivu aisikia.

Dawa ya maumivu makali ipo, nayo si geni wala si ya bei kubwa. Ni mofini, unga unaochanganywa na maji, mgonjwa akanywa kwa kipimo cha daktari. Mwaka 2010 shirika la Human Rights Watch lilichunguza habari za watoto wa Kenya wenye maumivu, likaona ya kwamba katika hospitali za serikali zipatazo 250 ni 7 tu zilizokuwa na mofini ya kunywa. Tangu mwaka ule hospitali nyingine zimeongezwa, nasi twashukuru. Lakini dawa hii kwa kawaida hunywewa kila baada ya saa nne, mchana na usiku. Ikiisha Ijumaa jioni, mtoto hawezi kungoja mpaka Jumatatu. Ndiyo sababu twataka mchango mdogo wa kila mwezi, wala si gunia moja la zawadi wakati wa Krismasi na picha ya viongozi wakitabasamu. Sisi watu wa reli twajua kwamba njia haitengenezwi mara moja kwa mwaka. Hukaguliwa kila siku, la sivyo gari litaanguka.

Wako wenzetu wanaosema: “Kutoa kwa mtoto asiyepona ni kutupa fedha.” Twawajibu kwa habari ya Nyumbani, kule Karen. Nyumba hiyo ilifunguliwa mwaka 1992 na Padri Angelo D'Agostino, Mmarekani aliyekuwa daktari pia, akianza na watoto 3 wenye virusi vya Ukimwi. Wakati ule watoto wa namna hiyo walikuwa wakifa, na kazi ya nyumba ilikuwa kuwatunza vizuri mpaka mwisho. Baadaye zikaja dawa za kupunguza makali ya virusi, na watoto wakaacha kufa. Wakakua, wakataka shule. Shule za serikali zilipowakataa, nyumba ile ilikwenda Mahakama Kuu mwaka 2004, na mlango ukafunguliwa. Waliotoa fedha zao mwaka 1992 walidhani wanatoa kwa ajili ya mazishi ya heshima. Kumbe walikuwa wakilisha wanafunzi. Na hata kama dawa zisingalikuja, mtoto aliyetunzwa vizuri siku zake chache hakutupiwa fedha.

Wengine wanasema: “Hiyo ni kazi ya serikali. Tangu Oktoba 2024 twakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa ajili ya Bima ya Afya ya Jamii. Tukatwe mara ngapi?” Swali hili ni la haki, na anayeliuliza si mchoyo. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, yasema kila mtoto ana haki ya kupata matibabu. Basi chama kiendelee kuidai serikali, tena kwa sauti kubwa. Lakini makato yale hayamlipi mama nauli yake wala siku alizokosa sokoni. Tukiidai serikali huku tukisaidia, twadai tukiwa na ushahidi mkononi, maana tutakuwa tumeona wenyewe kinachokosekana. Tukingoja kwanza serikali imalize wajibu wake, wako watoto ambao hawatakuwapo siku hiyo.

Tena wako wanaouliza: “Na fedha zikiliwa?” Twawaunga mkono, kwa kuwa chama kisichoulizwa hesabu huoza. Kwa hiyo twapendekeza mambo manne. Asikatwe mtu bila kutia sahihi yake mwenyewe, na anayetaka kuacha aache bila kusemwa. Fedha ziwe na hesabu yake katika benki, mbali na fedha za chama. Risiti ya hospisi ibandikwe ubaoni kila mwezi. Na kila mwaka wanachama wawili wasio viongozi waende hospisi kuuliza fedha zilifanya kazi gani. Wasiende kupiga picha za watoto. Mtoto mgonjwa si kitu cha kuonyeshwa.

Haba na haba hujaza kibaba. Wakitia sahihi watu 300, hizo ni shilingi 6,000 kwa mwezi, na 72,000 kwa mwaka. Hazijengi hospitali. Zaweza kumpa muuguzi nauli ya kufika nyumbani kwa mtoto, zikanunua maziwa, na kuhakikisha chupa ya dawa haikauki Ijumaa.

Ndugu zetu, siku ya mkutano njoni, hata ninyi mnaopinga, mseme wazi. Wanaokubali, fomu zitakuwa mezani kwa karani wa tawi. Na yeyote mwenye mgonjwa nyumbani sasa hivi asione haya kutuambia. Asingoje mpaka tuwe tunapitisha ile karatasi nyingine.