Siku ya Kutazama Majahazi: Uliza Mwezi Kwanza

Kama una jamaa kule Taru, bila shaka umewahi kuombwa na mtoto wa huko umpeleke akaone bahari. Kaunti ya Kwale ni moja, lakini mtoto wa Taru na mtoto wa Gazi ni kama waliozaliwa nchi mbili. Wa Taru anajua malori ya barabara kuu, anajua reli, anajua vumbi jekundu na ng'ombe wanaotafuta maji. Jahazi analijua katika kitabu cha shule tu. Na shangazi yangu, ambaye umri wake umepita miaka 70, alikuwa hajalijua hata katika kitabu.

Mwaka jana niliamua kulimaliza deni hilo. Tuliondoka Taru alfajiri, mimi, shangazi na watoto wanne, tukavuka feri ya Likoni, tukashuka Gazi saa nne asubuhi. Nauli peke yake ilikuwa imekula akiba ya miezi miwili. Tukatembea mpaka pwani, na hapo moyo ukanianguka. Maji yalikuwa yameondoka. Palikuwa na uwanja mkubwa wa mchanga na tope, na vyombo vyote vimelala ubavu. Shangazi akatazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hizi ndizo zinazovuka bahari? Mbona zimelala kama ng'ombe wa kiangazi?"

Sikuwa na jibu. Tulikula mahamri yetu, watoto wakaokota makombe, na ilipofika saa sita nikasema turudi, njia ni ndefu. Tukiwa tunapanda kuelekea barabarani, mvuvi mmoja aliyebeba tanga begani akasimama kutushangaa. "Mwaenda wapi," akasema, "na maji ndiyo kwanza yaja?"

Tulikuwa tumekwisha piga simu kwa gari. Tukaenda zetu.

Nakusimulia haya kwa sababu watu wengi wa mjini hufanya kosa hilo hilo. Tunapanga matembezi kwa saa ya mkononi na kwa siku za mapumziko. Maonyesho ya mashua ya Ulaya yanaruhusu hivyo. London walikuwa na yao kila Januari, tangu miaka ya 1950 mpaka 2018, ndani ya majumba makubwa, na mlango ulifunguliwa kwa saa maalumu. Maonyesho yetu ya pwani ya kusini hayana mlango wala tiketi, na ratiba yake inatoka kwa mwezi.

Kanuni yenyewe si ngumu. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Hayo ndiyo bamvua, na nguvu yake hasa huja siku moja au mbili baadaye. Kati ya bamvua mbili, mwezi ukiwa nusu, huja maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayashuki sana. Katika pwani yetu, siku za bamvua maji hukauka kama saa nne asubuhi na kujaa kama saa kumi jioni. Siku za maji mafu mambo hugeuka: yamejaa asubuhi, yamekauka jioni. Kila siku saa husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Usipotaka kuhesabu, muulize mvuvi yeyote, au mwalimu wa madrasa akwambie mwezi ni wa ngapi. Siku hizi hata simu ina jedwali la maji. Tafuta la Kilindini.

Sasa, wengi watakushauri uende maji yakiwa yamejaa. Mimi nakushauri uchague bamvua, ufike asubuhi wakati vyombo vimelala, halafu ubaki mpaka viamke. Ukiwa na subira ya kushinda hapo mchana mzima, utapata maonyesho mawili kwa nauli moja.

Asubuhi ni wakati wa kukiona chombo mwili wake wote. Zunguka pole pole na watoto. Waonyeshe mkuku, ule mti mrefu wa chini unaobeba kila kitu, na mataruma, mbavu za ndani ambazo mafundi huzitafuta katika miti iliyopinda yenyewe, kama mlilana, mmoja wa jamii ya mikoko. Mbao za ubavuni hutakiwa ziwe ngumu, za mbambakofi au mvule zikipatikana. Waonyeshe ngalawa, gogo moja lililochongwa, mara nyingi la mwembe, na matengo yake mawili ya pembeni yanayoizuia isipinduke. Kisha mtumbwi, usio na matengo, uwaulize ni kipi wangekipanda siku ya upepo. Watoto wangu walibishana nusu saa.

Ukibahatika utamkuta mtu anakalafati, yaani anashindilia pamba yenye mafuta katika nyufa kati ya ubao na ubao. Salimia kwanza, keti, usimpige picha kabla ya kuomba ruhusa. Huyu hayuko hapo kwa ajili yako. Maji yakirudi kabla hajamaliza, kazi yake imeharibika. Lakini mzee tuliyemkuta safari ya pili, alipoona watoto wametulia, alimpa kila mmoja nyundo apige mara tatu. Nilimuuliza kama wanawe wamejifunza ufundi huo. Akacheka tu, akaendelea kugonga.

Mchana mna mahali pa kivuli. Kina mama wa Gazi wana daraja lao la mbao lipitalo katikati ya mikoko, kiingilio si kikubwa, na ukiwaarifu mapema hupikia wageni wali na samaki. Mikoko hiyo ina habari yake: tangu 2013, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, wanakijiji wanaitunza na kupata fedha kwa hewa ya ukaa inayohifadhiwa. Ukiwa juu ya daraja, waambie watoto watazame chini. Mwanzo ni tope na kaa. Baada ya muda utaona uzi wa maji unapenya kati ya mizizi, kisha mwingine, na hapo ujue ni wakati wa kurudi ufukweni.

Kama saa nane hivi vyombo huanza kujitingisha. Kimoja kinainua ubavu, kinatulia, kinainua tena, halafu unakiona kimesimama wima. Hii ndiyo sehemu tuliyoikosa mara ya kwanza.

Ukitaka kupanda, patana bei mkiwa bado nchi kavu, na uombe safari fupi ndani ya ghuba. Hapa nitasema bila kuzunguka: hakuna jaketi la kuokolea maisha kwa kila mtu, hakuna safari. Jaketi la mtu mzima kwa mtoto mdogo si jaketi, litamtoka kichwani. Chombo kikijaa, subiri kingine. Tarehe 29 Aprili 1994, feri ilipinduka Mtongwe, mwendo mfupi kabisa kutoka nchi kavu, na watu 272 wakafa. Mwenye chombo akikucheka kwamba unaogopa, mwache acheke.

Majira nayo ni ya kuangaliwa. Kusi linapovuma kwa nguvu, hasa Juni mpaka Agosti, bahari huchafuka; kwa hiyo likizo ya Agosti tosheka na kutazama. Kaskazi, Desemba mpaka Machi, ni pazuri zaidi. Siku ya Ijumaa wavuvi wengi hawatoki kabla ya swala, basi asubuhi utakuta vyombo vingi pwani.

Shimoni na Wasini wengi wataniuliza. Ni pazuri, lakini kutoka Taru ni mbali mno kwa siku moja ukiwa na mzee na watoto. Kwa wanaotoka Mombasa au Ukunda inawezekana. Na kwa mwenye gari, barabara ya Dongo Kundu sasa inakufikisha kusini bila kungoja feri, ingawa mimi na watoto tungeikosa feri. Kwao ndicho chombo cha kwanza cha siku, na kwa watembeao kwa miguu ni bure.

Tulirudi Gazi na shangazi siku mbili baada ya mwezi mpevu. Safari hii tulilala Mombasa usiku wa kuamkia, na tukalala tena huko baadaye, maana kutoka Gazi jioni na kufika Taru usiku si jambo la kumfanyia mzee. Katika mashua alikaa katikati, jaketi limefungwa juu ya leso, mkono mmoja umemshika mjukuu, mwingine ndani ya maji. Hakusema neno mpaka tanga liliposhika upepo. Ndipo akalamba kidole, akakunja uso kwa chumvi, akaomba apewe chupa tupu ya soda.

Aliijaza mwenyewe. Iko dirishani kwake Taru mpaka leo, na kila mgeni anayeingia huulizwa kama anataka kuonja.