Majitu 16 na mkono wa Idi



Wiki hii nimeyaweka kando maswali mawili ya mirathi, nayo nitayajibu toleo lijalo inshaallah. Limetangulia jambo lililonifika nyumbani kwa dada yangu, na kila nikilitafakari naona si la nyumba yake peke yake.

Mwanawe mdogo, aliyetimiza miaka 16, amekusanya mikono ya Idi mbili, Idi ya Fitri na Idi ya Hajj, apate kununua mchezo wa video uitwao Shadow of the Colossus, ule uliotengenezwa upya mwaka 2018. Mamake akamkatalia. Mchezo huo, alisema, umo nyumbani tangu zamani; kisahani chake kimo kabatini, kimefunikwa kwa kitambaa. Kilikuwa cha mwanawe wa kwanza, ambaye Mwenyezi Mungu alimchukua miaka tisa iliyopita. "Kaka," aliniambia, "kitu tunacho. Kukinunua mara ya pili si israfu?" Nami nikafahamu kwamba swali lile halikuwa la fedha.

Nilikwenda baada ya swala ya alasiri. Kijana akanibusu mkono, akanitolea ile mashine ya marehemu nduguye, PlayStation 2, nyeusi, pedi yake imelika kwa vidole. Tuliiwasha. Ikanguruma kama kinu, kisha ikasema haikioni kisahani. Tulikipangusa, tukakirudisha, ikasema vile vile. Basi hoja ya kwanza ya dada yangu ilianguka hapo hapo: kitu chenyewe anacho, lakini hakitumiki. Kitabu kilichochapwa mwaka 2005 hufunguliwa leo kikasomeka. Mchezo wa video wa mwaka huo wahitaji mashine ya zama zake, na mashine huzeeka mbele ya mchezo.

Kwa mama wasioujua, nitausimulia kwa ufupi. Ulitungwa Japani na jamaa walioongozwa na Fumito Ueda, ukatoka mwaka 2005. Kijana mmoja amempakia farasini msichana aliyekufa, akavuka daraja refu mpaka nchi iliyoharamishwa, akamlaza juu ya altari ndani ya hekalu. Sauti isiyo na mwili ikamwambia kwamba msichana huenda akarudi, ikiwa atayaua majitu 16 yaliyotawanyika katika nchi ile. Hakuna askari njiani, hakuna miji wala soko. Kuna nyika, upepo, yeye na farasi wake. Hunyanyua upanga juani, mwale ukamwelekeza; akilifikia jitu, hulipanda kwa kushika manyoya yake, nguvu za mikono zikimwishia kidogo kidogo.

Sauti ile yaitwa Dormin. Nilipoliona jina hilo kwenye skrini, jicho langu lililozoea kuanzia kulia likalisoma kinyume: Nimrod. Ndiye tunayemwita Namrudi, yule ambaye wafasiri wametaja kuwa ndiye aliyebishana na Nabii Ibrahim (a.s.) akidai kwamba yeye naye huhuisha na kufisha. Nikaketi sawasawa. Mchezo wa watoto, nao umebeba dai hilo kongwe!

Sasa, hili la kutengeneza upya lina daraja zake, na wauzaji hupenda kuzichanganya. Mwaka 2011 mchezo huu ulitolewa kwa PlayStation 3 ukiwa umesafishwa tu: picha zile zile, zimeng'arishwa. Ule wa mwaka 2018, wa PlayStation 4, ni jambo jingine. Kampuni ya Bluepoint ya Texas, Marekani, ilichora upya kila kinachoonekana: majani, mawe, maji, manyoya ya majitu, uso wa kijana. Kilichobaki ni mfupa wa ndani, zile kanuni zinazoamua jitu ligeuke vipi na farasi akaidi wapi. Walipoutoa, waliuuza Marekani kwa dola 40 kasoro senti moja, ilhali michezo mipya wakati ule ilikuwa dola 60.

Sisi watu wa Pwani twalijua jambo hili kwa nyumba zetu. Nyumba ya mawe ya matumbawe iliyokandikwa chokaa hupumua. Maji yakiingia ukutani hutoka. Akija fundi akaikandika saruji, ukuta hung'ara miaka michache, kisha unyevu uliofungiwa ndani huanza kuula. Fundi mwenye adabu huuliza kwanza ukuta ulijengwa kwa nini. Na wanakili wa misahafu wa Siyu, ambao kazi yao yatajwa mpaka leo, walijua kwamba mapambo ya pambizoni ni ya mnakili, bali maneno hayaongezwi wala hayapunguzwi.

Kwa kipimo hicho, mafundi wa Texas wamefanya kazi ya adabu kwa sehemu kubwa. Mpwa wangu aliazima mchezo huo kwa binamu yake siku tatu, nami nikauona. Uzito wa majitu umebaki. Farasi, jina lake Agro, bado hana haraka ya kumtii mtu, na hivyo ndivyo farasi walivyo. Mashine ya zamani ilikuwa ikilemewa, picha ikikwama jitu likisogea, sasa yatiririka. Wamebadilisha mpangilio wa vitufe, lakini wa zamani wameuacha kwa anayeutaka, jambo nililolipenda.

Yapo niliyoyachukia. Nchi ile zamani ilikuwa na weupe wa ukungu na jua kali, hata huoni vizuri uendako, na kutoona huko kulikuwa sehemu ya hadithi. Sasa kila jani lahesabika. Uso wa kijana umekuwa wa kitoto zaidi. Na wameficha vitu 79 vya dhahabu vya kuokotwa, mwenye kuvimaliza apate upanga. Huo ndio ukuta wa saruji. Nchi ile iliachwa tupu kwa makusudi, ili mtu apande farasi mwendo mrefu akifikiri anachokifanya. Ukimpa vya kuokota, atainamisha kichwa aokote.

Nayo ni tendo la kufikiriwa. Majitu yale mengi hayakumkosea. La 13, lirukalo juu ya jangwa kama nyoka mwenye mapezi, halimshambulii kabisa. Yeye ndiye anayelifuata. Kila moja likianguka, muziki huwa wa msiba, nyuzi nyeusi hutoka mwilini mwake zikamwingia kijana, na uso wake huzidi kuharibika. Mwishowe msichana huamka. Lakini aliyemtafutia uhai hayupo tena kumlaki. Amegeuzwa kitoto kichanga chenye pembe. Alichokitaka kimepatikana, na wawili hao hawakuonana.

Niliyaeleza yote haya kwa dada yangu jikoni, akikuna nazi. Akasita. Hofu yake, aliniambia, ni hiyo hiyo: mtoto aliyefiwa na nduguye acheze mchezo wa kufufua wafu. Sikuidharau hofu hiyo, na mzazi yeyote anayeuleta mchezo huu nyumbani aijue: mna hekalu, mna sauti inayoombwa uhai, mna damu. Huko Marekani wameuwekea daraja ya miaka 13 na kuendelea, na mimi singempa wa chini ya hapo. Ila hii ni hadithi inayolitazama dai la Namrudi mpaka mwisho na kuonyesha gharama yake. Nikamuita kijana, nikamuuliza mbele ya mamake kwa nini autaka.

"Mjomba," akasema, "Kaka alikuwa akinikalisha pembeni nimtazame. Alifika jitu la 13. Sikuwahi kuona ya mbele."

Dada yangu aliacha kukuna.

Fatwa sikutoa, nilitoa rai. Fedha ni zake kwa halali, mchezo ununuliwe, acheze baada ya isha siku zisizo na masomo, na acheze hadharani, sebuleni. Vile vya dhahabu asiviokote. Hilo nilimwomba, sikumwamrisha. Na kisahani cha zamani kisitupwe wala kisiuzwe. Katika kadi ya kumbukumbu ya mashine ile imehifadhiwa safari ya marehemu mpaka pale alipofika, na mashine mpya haiwezi kuisoma. Nimemwagiza fundi mmoja wa redio ajaribu kuibadilishia jicho lake.

Ijumaa iliyopita nilipita kuwajulia hali. Kijana alikuwa amefika jitu la 12, ziwani. Mamake alikuwa ameketi nyuma yake na bakuli la mchele, akichagua chuya, akamuuliza yule farasi anaitwa nani.