Wingi wa Tanbihi Si Ubora

Nikiwasikia walimu na waandishi wa habari wakiisifu makala ya Wikipedia, sifa huwa ni zilezile: ni ndefu, ina tanbihi tele, tena imepewa alama ya ubora. Imani hiyo imeota mizizi, na mimi naipinga waziwazi.

Tazama makala za viwanja vya ndege. Utakuta jedwali la mashirika na miji yanakokwenda, msimbo wa herufi tatu, urefu wa njia ya kurukia, orodha ya ajali, na karibu kila mstari una namba ya tanbihi. Juzi nilikaa na makala moja ya aina hiyo, nikawa nafungua tanbihi moja baada ya nyingine. Ya kwanza ilinipeleka kwenye ukurasa uliokwisha kufutwa. Ya pili ilikuwa tangazo la shirika la ndege kuhusu safari mpya. Ya tatu ni tovuti ya uwanja wenyewe. Nilifika ya kumi na mbili sijakutana na kitabu hata kimoja. Huo si ushahidi, ni muuzaji anainadi bidhaa yake.

Na ile alama? Katika Wikipedia ya Kiingereza, daraja la "makala nzuri" hutolewa na mkaguzi mmoja wa kujitolea. Mtu mmoja tu! Huenda ni makini sana, lakini pia huenda hajawahi kusoma lolote kuhusu Nairobi.

Nimeitaja Nairobi kwa makusudi. Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta ulifunguliwa mwaka 1958 na Gavana Evelyn Baring, ukiitwa Embakasi. Njia yake ya kurukia ina urefu wa mita 4,117. Sentensi hizo ni sahihi, vyanzo vipo, na mkaguzi atazipitisha. Sasa andika kwamba uwanja "ulijengwa miaka ya 1950". Ulijengwa na nani? Kiswahili kinakiruhusu kitenzi hicho kisimame bila mtenda, na humo ndimo wanamopotelea wafungwa wa Mau Mau waliofanyishwa kazi ya shokoa pale Embakasi wakati wa Hali ya Hatari. Habari zao hazikufichwa. Mwanahistoria Caroline Elkins aliziandika katika kitabu chake cha mwaka 2005, na kinapatikana maktaba. Anayepima ubora kwa kuhesabu tanbihi hawezi kuliona pengo hilo, maana pengo halina tanbihi.

Wapo watakaosema msomaji anataka habari za safari tu. Lakini jedwali la safari hubadilika kila msimu, na msafiri mwenye akili huuliza shirika lenyewe.

Wikipedia ya Kiswahili huziita makala fupi "mbegu", na wengi huzidharau kwa jina hilo. Mimi naiweka mbegu ya aya mbili inayosema nani alichimba udongo wa Embakasi juu ya makala ya kurasa ishirini inayonyamaza.

Mwalimu, kabla hujamwambia mwanafunzi wako kwamba makala fulani ni bora, fungueni pamoja tanbihi tano, msome kilichomo. Kisha mwulize ni nani hakutajwa. Kwa upande wangu, makala ya uwanja ule isiyowataja wafungwa wa Embakasi siipi alama, hata ikiwa na tanbihi mia mbili.