Kivinjari Kipya: Chombo Hakisifiwi kwa Rangi

Programu ya kufungulia kurasa za intaneti ilipopewa jina la "kivinjari", wako waliolicheka jina hilo. Mimi sikucheka. Kuvinjari ni neno la baharini: ni mwendo wa chombo kizungukacho majini, kikienda na kurudi, kikichungua na kulinda. Basi ikiwa jina limeazimwa kwetu watu wa pwani, nasi tuna haki ya kukikagua chombo chenyewe kama nahodha akaguavyo jahazi: atazame mkuku, mataruma na kalafati, wala asiridhike na rangi.

Majuzi mtoto wa ndugu yangu alinitilia kivinjari kipya katika kompyuta yangu. "Ami," akaniambia, "hiki ni upepo mtupu. Ukikizoea hutakiwata." Jina lake siliandiki, kwani sikukusudia kumharibia mtu biashara, na nionavyo ila zake hazikuanza naye. Yapata wiki mbili nimekitumia kwa kazi zangu zote, na leo nataka kuwaeleza wasomaji niliyoyaona.

Mbio anazo, hilo nakiri. Kurasa zafunguka upesi, na vichupo ishirini havikukilemea. Walakini mbio si ajabu tena. Tangu Tim Berners-Lee alipotengeneza kivinjari cha kwanza mwaka 1990 huko CERN, Uswisi, kazi hii imepitia mikono mingi, na leo vivinjari vingi vipya vimeundwa juu ya msingi mmoja uitwao Chromium, ambao Google iliutoa mwaka 2008. Yaani tanga ni jipya na rangi ni mpya, lakini mkuku ni ule ule. Kwa hiyo mimi niliuliza maswali mengine.

Swali la kwanza lilikuwa la khati. Mimi nilianza kwa alifu chuoni kabla sijaijua A ya skuli, na mashairi yangu ya mwanzo niliyaandika kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika wazee wetu. Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate na Mwengo bin Athumani, hutajwa kuwa na hati ya mwaka 1728. Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa tunazisoma leo kwa sababu Mwalimu Sikujua na Mwingereza W. E. Taylor walizikusanya karne ya 19; karatasi za Taylor ziko London, katika chuo cha SOAS. Hii si khati ya kigeni kwetu.

Basi nikafungua ukurasa ambamo kijana mmoja ameweka utungo wake wa Kiswahili kwa herufi hizo. Kwanza, herufi ya "ve", ile fe yenye nukta tatu juu, ikaja kwa mwandiko mwingine kabisa, kama kiraka cha kaniki kwenye kanzu nyeupe. Hilo ningelisamehe. Lakini pale juu ya ukurasa likatokea tangazo: ukurasa huu ni wa Kiarabu, je, wataka ufasiriwe? Nikabonyeza nione. Yaliyotoka hayakuwa Kiswahili, hayakuwa Kiarabu, wala hayakuwa maneno ya mtu mwenye akili timamu.

Msomaji asidhani ni jambo dogo. Tangu zamani wako waliotuambia kwamba kilichoandikwa kwa khati hii si chetu, ni cha wageni waliopita. Tulidhani wenye kusema hivyo wamekwisha. Sasa mashine yasema hivyo hivyo, nayo haina chuki wala inda. Haijui tu, kwa kuwa hakuna aliyeifundisha.

Swali la pili lilikuwa la maneno. Niliandika "ndia" kama tusemavyo Mvita. Kikanisahihisha: "India". Nikaandika tena, kikanipeleka India mara ya pili. "Mato", "nti", "kitwa", yote yakapigwa mstari mwekundu, kana kwamba mwalimu wa daraja la kwanza amesimama begani pangu. Kiswahili sanifu chatufaa sote, sikatai. Lakini usanifu haukusudiwa kuwafanya wasemao lugha ya mama zao waonekane wamekosea.

Swali la tatu ni la amana. Wafasiri wetu waliviita "vidakuzi" vile vijifaili ambavyo tovuti huviweka katika kompyuta yako ili zikutambue ukirudi. Waliochagua neno walijua walifanyalo, maana kudakua ni kutoa siri za watu. Si vyote vibaya. Vingine vyakukumbusha tu lugha uliyoichagua. Lakini viko vinavyokufuata mtaa kwa mtaa. Nilisoma mara moja tu habari za dawa ya magoti, na kwa siku tatu matangazo ya magoti yakanitangulia kila nilikokwenda. Mtu wa kwetu haingii nyumba ya mwenziwe bila ya kupiga hodi, na Sura ya Hujurat imetukataza kupelelezana. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 ya kulinda data nayo imeweka mipaka. Kivinjari hiki kina mlango wa kuwazuia wadaku hao, lakini kimeuficha nyuma ya kurasa nne za mipangilio. Mlango wa amana wafaa uwe mbele, tena uwe umefungwa tangu mwanzo.

Je, lawama yote ni ya watengenezaji? La. Herufi zetu za pe, che na ve zimo katika Unicode, mpangilio wa herufi utumiwao na kompyuta za dunia nzima. Firefox, kilichotolewa mwaka 2004, hufasiriwa katika lugha nyingi na watu wa kujitolea. Mlango u wazi. Sisi ndio hatujaingia. Mwaka 2021 UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, nasi kila mwaka hupiga ngoma na kusoma mashairi, kisha tukarudi nyumbani kwa vyombo visivyotujua. Maandishi ya khati yetu yamelala sandukuni au yamepigwa picha tu, na picha haiifundishi mashine kusoma. Yanatakiwa yachapwe herufi kwa herufi, na maneno ya Kimvita na Kiamu yaorodheshwe. Kazi hiyo yawahitaji walimu wa vyuo na vijana wenye kompyuta wakae pamoja.

Kijana wangu aliponisikia akacheka: "Ami, wewe huridhiki!" Nikamwambia, mwanangu, mwacha asili ni mtumwa, na anayeridhika na kila apewacho hatapewa kilicho chake. Kivinjari sikukifuta. Nimemwambia aje kila Alhamisi baada ya Alasiri na kompyuta yake. Mimi nisome hati za babu yake, yeye achape. Neno la kwanza tutakaloliandika litakuwa "ndia".