Tusiuze shamba kwa sindano ya miujiza

Mfa maji haachi kutapatapa. Ndivyo ilivyo kwa familia ambayo kijana wake ameanguka na pikipiki njia ya Mugina au Kobero, mgongo ukaumia na miguu ikafa ganzi. Akitokea mtu akasema ng'ambo kuna madaktari wanaopandikiza seli mgongoni na mgonjwa akatembea, nani atakataa? Shamba litauzwa. Nalo ni shamba ambalo wengi wetu tuliorudi kutoka uhamishoni tulilipata baada ya kuhangaika kwa miaka.

Sisemi habari hizo ni uongo mtupu. Ndani ya uti wa mgongo hupita mishipa ya fahamu inayopeleka amri za ubongo miguuni. Ikikatika, haijiungi yenyewe kama mfupa. Wataalamu wanapandikiza seli hai mahali hapo ili mishipa iote tena. Mwaka 2012 huko Wrocław, Poland, Darek Fidyka, aliyechomwa kisu mgongoni mwaka 2010, alipandikizwa seli kutoka sehemu ya ubongo inayopokea harufu. Baadaye alitembea kwa kushikilia fremu, lakini kwa mazoezi makali ya muda mrefu. Nchini Japani, Chuo Kikuu cha Keio kilipandikiza wagonjwa 4 kuanzia mwaka 2021, wiki chache tu baada ya kuumia. Matokeo ya mwaka 2025 yalionyesha 2 walipata nafuu, mmoja wao akaweza kusimama.

Hayo ni majaribio, bado si tiba. Mwaka 2006 ilichapishwa taarifa ya wagonjwa 7 waliopandikizwa seli huko Beijing. Hakuna aliyepata nafuu ya maana, na wapo waliopata homa ya uti wa mgongo. Mwaka 2014 madaktari wa Marekani walieleza habari za mwanamke aliyepandikizwa seli za puani. Miaka 8 baadaye aliota uvimbe mgongoni, ikabidi apasuliwe tena.

Ndugu zangu wafanyabiashara, hatununui gunia la maharage bila kulifungua. Basi tumuulize wakala: je, hili ni jaribio au biashara? Jaribio la kweli kwa kawaida halimwuzii mgonjwa seli. Wamepandikizwa wangapi, na wangapi hawakupona? Mgonjwa akirudi nyumbani na homa, nani atamtibu?

Wakati huo huo, wagonjwa wetu wengi hawauawi na kukosa seli. Wanauawa na vidonda vya kulalia na maambukizi ya mkojo. Kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa 2, godoro zuri, mpira safi wa mkojo na kiti cha magurudumu ni vitu tunavyoweza kuvigharamia kabla ya kuuza hata kipande cha ardhi. Na siku ya ajali, tusimbebe majeruhi mzobemzobe. Alazwe juu ya ubao, shingo na mgongo vikiwa vimenyooka.

Mimi ni mwalimu. Mtoto wa kiti cha magurudumu hashindwi hesabu, anashindwa ngazi za darasa. Njia ya mteremko ya saruji fundi wa kijijini anaijenga kwa siku chache.

Wizara nazo ziwabane mawakala wanaouza matumaini. Sayansi ikikomaa, tutaipokea kwa mikono miwili. Lakini itukute mgonjwa yu hai na familia ina mahali pa kulima.