Pile Kwanza, Turnevisi Nyuma

Wandugu wanafunzi, tunaona tabia moja isiyofaa. Apareyi ya foto ya zamani ikikataa kupiga, watu wanakimbilia turnevisi. Visi na resori ndogo zinaruka, na kitu kilichokuwa kizima kinakuwa chuma cha kutupa. Sisi tunasema: hapana!

Tuchukue Canon AE-1, iliyotoka Japani mwaka 1976. Ndani yake umeme ndio unaongoza kufungua na kufunga njia ya mwanga. Pile yake ya volti 6 ikiisha, apareyi yote inanyamaza, hata kama hakuna kilichovunjika. Pentax K1000 ya mwaka uleule haiko vile: bila pile inapiga tu, kipimo cha mwanga ndicho kinalala. Basi, kabla ya kusema "imekufa", tujue kwanza tunashika ya namna gani.

Kisha tutie pile mpya, tuangalie vizuri upande wa + na wa –. Tukiona unga mweupe ao wa kijani kwenye vyuma vinavyogusa pile, ile ya zamani ilivuja. Tupanguse na kitambaa chenye siki kidogo, tukaushe. Mara nyingi ugonjwa unaishia hapo.

Kama bado, twende kwa fundi. Na zile zenye flashi ndani, tusizifungue hata kidogo: kondensateri yake inaweza kubakia na volti karibu 300 hata pile ikitolewa. Apareyi tunaweza kupata ingine, lakini mkono hauuzwi sokoni.