Haki ya Mlaji Kujua Anachokila

Juma lililopita niliingia katika mkahawa mmoja jijini pamoja na mjomba wangu, ambaye anaugua shinikizo la damu. Alipomwuliza mhudumu mchuzi wa kuku ulitiwa chumvi kiasi gani, kijana alicheka akajibu, "Mzee, kula tu, iko sawa." Bei ya kila chakula ilikuwa imeandikwa hadi shilingi ya mwisho. Chumvi ilibaki siri ya mpishi.

Kwingineko siri hii imeanza kufichuliwa. Mjini New York, mikahawa yenye matawi mengi ililazimishwa mwaka 2008 kuandika kiasi cha kalori katika orodha zake za vyakula. Sheria ya Marekani nzima ilipitishwa mwaka 2010, ikaanza kutekelezwa Mei 2018 kwa mikahawa yenye matawi 20 au zaidi. England ilifuata Aprili 2022.

Wapo wanaodai kwamba tarakimu hizo ni kazi bure, maana mwenye njaa hasomi. Sikatai kwamba wengi huzipita bila kuzitazama. Hata hivyo, kumbadilisha mlaji tabia ni jambo moja, na kumpa haki yake ni jambo jingine. Kifungu cha 46 cha Katiba yetu ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa na huduma. Hakisemi apewe iwapo tu atazitii!

Linalonikera zaidi, nikiwa mwanafunzi wa lugha, ni kwamba kalori ni msamiati mgeni kwa walio wengi, na orodha zetu aghalabu huandikwa kwa Kiingereza. Hapa New York ina la kutufunza. Tangu Desemba 2015, chakula chenye miligramu 2,300 za sodiamu au zaidi, yaani kadiri ya iliyomo katika kijiko kimoja cha chai cha chumvi, huwekewa picha ya kichupa cha chumvi ndani ya pembetatu. Picha haihitaji mkalimani.

Simtaki mama wa kibanda anunue mitambo ya kupimia. Kwake sufuria i wazi na mlaji huiona chumvi ikitiwa. Nawalenga wenye matawi kila mtaa, ambao mapishi yao hupimwa kwa gramu. Hao hawawezi kudai hawajui.

Mjomba alikula nusu sahani, akalipa bei nzima.